Kadi ya Kombe la Kushoto

Kikao kimefunguliwa na mimi naandika. Ndiyo kazi yangu tangu nilipokuwa na meno yote: wengine wanaokota, wengine wanapima, wengine wanabishana mpaka mate yanaruka, na mimi Mwatumu naandika. Tuliohudhuria ni watatu. Mwenyekiti, Bwana Makungu, ambaye haonji chai kabla hajapima kina cha kikombe. Bi Kibibi, shoga yangu, mwenye ulimi ulionolewa pande zote mbili. Na mimi. Leo ni siku gani bado haijajulikana, kwa sababu katika mji wetu siku haina jina mpaka kombe liwekwe mezani. Likiwekwa la kauri, ni Siku ya Kauri. Likiwekwa la chaza, ni Siku ya Chaza. Likikosekana la kuweka, siku hiyo haihesabiwi na mtu hazeeki. Nimeishi miaka mingi ya namna hiyo, isiyohesabiwa, kwa hiyo msiniulize umri.

Leo naandika jicho moja karatasini na jingine kando, maana kombe lililofunikwa kitambaa pale mezani ni langu.

Ngoja kwanza. Nikiandika ovyo ovyo, atakayesoma atatuona wehu. Chama chetu ni cha kukusanya makombe ya baharini na kuyasoma, basi. Tuna chumba kimoja cha ghorofani, makabati manne, droo mia na ushee, ndoo ya kulowekea, miswaki ya kusugulia, mafuta ya nazi ya kurudisha mng'ao, na lenzi moja iliyopasuka pembeni. Tuna sheria mbili. Ya kwanza: kombe linaloingia kwenye droo liwe tupu, lililoachwa kwa hiari na aliyekuwa ndani. Hatumchemshi mtu ndani ya nyumba yake. Waliotutangulia walichemsha, na mpaka leo kuna droo moja tukiifungua tunaziba pua. Ya pili: kombe la kwanza la kila aina huandikiwa kadi, na kwenye kadi huwekwa mahali lilipookotwa, siku yake, na jina la aliyeliokota. La pili na la tatu la aina hiyo hiyo ni la ziada. Hutupwa kapuni, halina kadi wala jina.

Sasa hapa ndipo penye neno. Kila kikao tunafungua madirisha tunasoma kadi zote kwa sauti, na sijui ilianza lini, sijui kama sisi ndio tulioufundisha mji au mji ndio uliotufundisha sisi, lakini mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi hasahauliki. Hata akifa. Watu wanaendelea kumtaja sokoni, wanacheka vichekesho vyake, wanagombana kuhusu deni la maneno alilokufa nalo. Na ambaye jina lake haliko anafifia angali anatembea. Kadi ikichanwa, aliyeandikwa humo hutoweka vichwani mwa watu wote papo hapo, wa karibu na wa mbali, na haulizwi tena. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hapa kwetu hata aliyepo, kama hana kadi, na lake halipo. Tumezoea.

Jina langu haliko kwenye kadi hata moja. Nilipojiunga, aina zote zinazojulikana zilikuwa zimeshaokotwa. Kila nilichokileta kilikuwa cha ziada. Nikaona si neno, maana ninayeshika kalamu ni mimi, na mwenye kalamu, nikajidanganya, hawezi kusahauliwa na wale anaowaandika. Loo! Nani aliyekuambia mlinda lango hulala ndani? Alianza muuza kahawa. Miaka yote alinimiminia bila kuniuliza, siku moja akaniuliza kama mimi ni mgeni mtaani. Nikamtukana. Akacheka, akasema kumbe wageni wa siku hizi ni wakali. Kisha mwanamke niliyemzalisha kwa mikono yangu hii akapita akaniitikia salamu nusunusu. Yote hayo niliyameza, maana nyumbani nilikuwa na Saumu.

Saumu ni mwanangu, wa pekee, niliyempata nimeshakata tamaa. Kwanza alianza kuniita shangazi. Nikadhani utani. Kisha bi mkubwa. Juzi nilipotoka kuoga nikakuta amenitandikia mkeka wa wageni, ule mpya, na chai ameifunika kawa. "Karibu, bi mkubwa," akaniambia, "starehe, hapa ni kwenu." Jana akanitania kwa adabu zake zote: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Nikacheka naye. Nikaingia chooni nikalia huku nimefungulia maji ili asisikie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; lakini uchungu wa mzazi asiyejulikana na mwanawe nani ameutungia methali? Nikanawa uso, nikarudi kunywa chai yake.

Leo ndiyo siku ya tatu. Akifika kesho bila kunijua, hatanijua tena. Nimeshawaona wengine, ndivyo inavyokwenda. Kuna mzee mmoja mtaa wa pili anayeishi kwa wanawe kama mpangaji, anawashukuru kila akiletewa ubwabwa.

Basi, bahari yetu huja inapotaka. Leo alfajiri ilikuja nyuma ya mashine ya kusaga, ikakaa kidogo, ikaondoka, ikaacha tope na mwani. Nilishuka na kanzu ya ndani, sikujali. Nikaliona limejifukia nusu, kubwa la kujaa kiganja, la rangi ya maziwa yaliyoungua. Nikaliinua ncha juu. Moyo ukanilipuka! Mkunjo wake unakwenda upande wa pili. Nikalibusu lilivyo, na tope lake, nikalifunga kwenye upindo wa kanga, nikakimbia. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa wiki moja chamani halifanyi. Nilitazama mkunjo, sikutazama mlangoni mwa kombe.

Sasa Bwana Makungu amefunua kitambaa. Amelishika kombe ncha juu, mlango ukimtazama. Kombe lolote tulilo nalo ukilishika hivyo, mlango huwa upande wako wa kulia. Hili mlango wake uko kushoto. Amelipima. Amelipima tena. Amevua miwani, na machozi yamemlenga, mtu ambaye hakulia kwenye maziko ya pacha wake.

"Bi Mwatumu," amesema, "hili wamelingoja babu zetu mpaka wakaacha kulitaja. Andika kadi. Andika jina lako."

Nimechovya kalamu. Nimeandika mahali: nyuma ya mashine ya kusaga. Nimeandika siku: Siku ya Kombe la Kushoto. Nimeandika herufi ya kwanza ya jina langu, M kubwa yenye mkia, na hapo Bi Kibibi akanishika mkono.

"Subiri kwanza, shoga. Hilo kombe lina miguu."

Kweli. Mguu mmoja mwembamba, wa rangi ya hina, umechungulia mlangoni. Kisha wa pili. Kisha gando. Kaa. Si yule aliyelijenga kombe. Huyo alikufa zamani na nyama yake ikaliwa na samaki. Huyu ni yule kaa asiye na gamba la kumtosha, anayezunguka maisha yake yote akihamia makombe ya marehemu. Sisi chamani tunamwita mpangaji.

"Mwenye nyumba yupo!" Bi Kibibi anacheka mpaka anashika meza. "Mwatumu umetuletea nyumba na mwenyewe ndani! Hebu mtilie chai."

"Si mwenye nyumba," Bwana Makungu amesema bila kucheka. "Ni mpangaji. Lakini sheria haikutofautisha. Kombe si tupu. Weka kalamu chini, Bi Mwatumu."

"Nimeshaandika M."

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ningekuwa mimi ningekatwa vile vile."

"Wewe utakatwa wapi," nikamwambia, "na kadi nne unazo?" Amevaa miwani yake. Hiyo nayo nimeiandika humu.

Kuna njia moja, nayo ni desturi yetu ya kale: kungojea. Mpangaji huwekwa kwenye beseni la maji ya bahari, akazungushiwa makombe matupu, na wanachama hukaa kimya. Akiona jingine analolipenda, atahama mwenyewe, kwa hiari, na alilolihama litakuwa tupu kisheria. Saa yetu ni misumari mitatu iliyopigiliwa kwenye fremu ya dirisha. Jua likifika msumari wa tatu kikao kinafungwa, na kingine ni baada ya siku saba. Siku saba! Mimi sina hata moja.

Tumemweka kwenye beseni, tumemwaga kapu zima la makombe ya ziada kumzunguka. Tumekaa. Jua limepita msumari wa kwanza.

Namtazama. Mwili wake wa nyuma, ule laini anaouficha, umepindia kulia, kwa sababu makombe yote ya dunia yamepindia huko. Na yeye amejisokota ndani ya nyumba iliyopinda kushoto. Analala upande usio wake, kila siku, na hakuna anayejua. Alikosa jingine siku aliyohitaji. Tukikutana naye ufukweni tunasema: tazama, kombe linatembea. Hatusemi: tazama, kaa ameumia. Jina ni la kombe. Mimi pia nimeingia jina nililolikuta. Mwatumu walikuwapo kabla yangu, nikajisokota humo, nikatembea nalo, watu wakasema Mwatumu huyoo anapita. Sasa jina limepasuka na nimebaki na huu mwili laini. Unaingia wapi? Saumu anaona mkeka, anaona kikombe, anaona bi mkubwa. Mimi niko wapi humo? Nipo. Nafikiri nipo. Nimejifinya paja kuhakikisha, na limeniuma.

Swali limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Mtu ni yupi: yule anayekumbukwa, au yule anayekumbuka? Kama ni anayekumbukwa, basi mimi nimeshakufa na hawa wananipa kiti kwa huruma. Kama ni anayekumbuka, basi nina utajiri usio na kifani, maana hakuna nilichokisahau. Nakumbuka uzito wa Saumu siku ya kwanza. Nakumbuka surua yake, nakumbuka alivyouma titi akacheka. Ninayo yote. Yeye hana hata moja. Sasa tuko wangapi katika nyumba ile? Mama mmoja asiye na mwana, na mwana asiye na mama, tunapishana ukumbini tukiombana radhi. Nikiwaza hivyo nataka kupiga ukelele. Sheria ya kungojea ni kimya, basi napiga ukelele kwa kalamu.

Mpangaji ametoka nusu. Amepapasa kombe la kwanza la ziada, akapima mlango wake kwa gando, akaliacha. La pili lina tundu. La tatu dogo. La nne, la tano. Amerudi ndani, amefunga mlango kwa gando lake. Jua limefika msumari wa pili.

"Haya ya ziada hayamfai," Bwana Makungu amenong'ona. "Mkubwa huyu. Anataka lenye tumbo, zima, zito. Ya namna hiyo yamo kwenye droo tu."

Kwenye droo! Yaani yenye kadi.

"Sheria inaruhusu," ameendelea, akiangalia kucha zake. "Mwenye kombe akilitoa, au mrithi wake. Lakini mjue, atakaloingia si tupu tena. Na kadi yake haiwezi kuwa kadi ya kombe linalokaliwa. Itachanwa kabla mpya haijakamilishwa."

Ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Nimemtazama Bi Kibibi. Ameinuka polepole, ameegemea kwa mgongo kabati lenye kombe lake na kadi yake, mikono ameitandaza.

"Usinitazame hivyo, shoga. Nakupenda, wallahi nakupenda. Lakini si kiasi hicho."

"Sijakuomba."

"Macho yako yameomba. Mie nikisahauliwa nani atanivumilia? Unanijua nilivyo. Watu wananistahimili kwa sababu wamenizoea."

Tumecheka sote wawili, tukiwa na hofu sote wawili. Bwana Makungu amesema angetoa moja kati ya yake manne kwa moyo mkunjufu, ila yote ni madogo. Kumbe ameshayapima, tena mara mbili, wakati sisi tumeyakodolea macho makombe ya kapuni. Kisha akasema lile alilokuwa akilizunguka tangu mwanzo, na alilisema akimwangalia mpangaji, si mimi.

"Droo ya mwisho, kabati la tatu. Vipimo vinakubali. Mrithi ni wewe."

Nalijua. Msinifikirie mjinga. Nimelijua tangu lile gando lichungulie.

Droo ya mwisho, kabati la tatu, kuna kombe kubwa la rangi ya chai ya rangi, lenye tumbo na mistari, na kadi yake haikuandikwa na mimi, maana nilikuwa sijazaliwa. Jina lililomo ni Mwanamize. Ni mama yangu. Aliliokota akiwa na mimi tumboni, miezi minane, ameinama kwa shida na kila mtu akimpigia kelele aache. Amekufa siku nyingi, na hajafa hata kidogo. Wauza samaki bado wanasema usimpunje yule, ni mwana wa Bi Mwanamize. Au walikuwa wakisema, kabla hawajanisahau mimi. Yeye hawajamsahau. Hata Saumu, ambaye haijui sura yangu, jana alinisimulia habari za bibi yake. Nilikaa kwenye mkeka wa wageni nikasimuliwa mama yangu na mwanangu, na mimi katikati sipo.

Naandika haraka. Jua halingoji. Mama alikuwa mfupi na alikataa kukubali. Alitafuna karafuu badala ya kula akiwa na hasira, na nyumba nzima ilinukia, tukajua leo tusiongee. Alinipiga mara moja tu maishani, kwa sababu ya uongo mdogo kuhusu sukari, kisha akaja kunikanda mgongo kwa maji ya moto na kunitukana huku akinikanda. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vitano kasoro ncha ya kidole kidogo. Alipenda kusema, "Mwanangu, mimi sitaki kukumbukwa, nataka kupumzika," halafu anakasirika mtu akisahau kumsalimu. Alinifundisha kushika kalamu kwa kunishikia mkono, na kiganja chake kilikuwa na joto, kikavu. Alipokuwa anakufa aliniuliza kama nimekula. Hilo ndilo neno lake la mwisho. Nilikuwa sijala, nikamwambia nimekula.

Nilisemaje? Swali. Anayekumbuka au anayekumbukwa. Nikiacha mambo yalivyo, nitabaki na mama na sitakuwa na mwana. Nikilitoa kombe lile, nitakuwa na mwana na sitajua kwamba nimewahi kuwa na mama. Sitaumia hata kidogo, huo ndio ubaya wake. Mtu akikatwa mguu anaujua mguu. Mimi nitaamka nina miguu yote, nitashangaa tu kwa nini nachechemea.

Nilimwuliza. Ndiyo, nilimwuliza, hapa hapa, kimoyomoyo, mama nifanyeje. Na nilijua atakalosema, maana nilimjua mwanamke yule kuliko ninavyojijua. Angesema: pumbavu we, mtoto ana njaa ya mama yake na wewe unaniuliza mimi maiti? Labda nilimsemea nikitakacho. Wafu wana ubaya huo, hawabishi.

Nimeivuta droo. Nimelitoa. Lilikuwa na vumbi, nikalipangusa kwa kanga. Bi Kibibi ameacha kucheka. Ameziba mdomo kwa mkono. Nimelizamisha kwenye beseni, mlango wake ukielekea mlango wa mpangaji. Nikaomba akatae. Nikaomba akubali. Niliomba yote mawili kwa pumzi moja, sijui Mwenyezi Mungu aliyapokeaje.

Alitoka gando kwanza. Akalipapasa lile la rangi ya chai, polepole, tumbo, midomo, mistari. Akaingiza mguu. Akatulia muda mrefu mpaka nikadhani ameghairi. Kisha kwa kasi, kufumba na kufumbua, akautoa mwili wake mzima, uchi, mwekundu, uliopinda, tukauona sote, nikaona haya kwa niaba yake, na akajitumbukiza kwa mama. Akajisokota. Mkunjo wa kulia na mwili wa kulia. Lilimkaa barabara. Akatoka nje kidogo, akatembea hatua tatu ndani ya beseni, na naapa alitembea kama mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kikimbana miaka.

Kombe la kushoto limebaki pembeni, tupu.

"Jua linakaribia msumari wa tatu," amesema Bwana Makungu. Kisha taratibu, kwa upole ambao sikujua kama anao: "Chana, Bi Mwatumu. Mwenye kuchana ni mwandishi."

Kadi ninayo mkononi. Karatasi imegeuka njano. Mwandiko wa mtu nisiyemjua, jina la mtu ninayemjua. Mama, nimekula. Leo nimekula, wali kwa maharage, nimeshiba. Pumzika. Mama, nisa

*

Kadi imechanwa. Vipande vinne, ninavyo mapajani.

Nimekamilisha kadi mpya. Baada ya M nimeandika herufi zilizobaki, wino umekubali vizuri. Bwana Makungu ameisoma kwa sauti dirishani: nyuma ya mashine ya kusaga, Siku ya Kombe la Kushoto, Mwatumu. Chini barabarani muuza kahawa ameinua kichwa akapaza sauti, "Bi Mwatumu! Mbona leo hujashuka, au umepata kahawa nzuri kuliko yangu?" Nimemjibu matusi yanayomstahili. Amefurahi sana.

Bi Kibibi amenikumbatia, ana machozi, anasema hajui anachokililia, labda ni furaha yangu. Ameuliza lile kombe la rangi ya chai linalotembea ndani ya beseni limetoka wapi. Bwana Makungu amesema lazima ni la kapuni, la ziada. Droo ya mwisho ya kabati la tatu imekutwa wazi na haina kitu. Imependekezwa iwekwe miswaki. Hakuna aliyepinga. Kikao kimefungwa.

*

Naandika nyumbani, mezani, dirisha likiwa bado na mwanga.

Nilibisha hodi mlango wangu mwenyewe, kwa woga. Saumu alifungua, na kabla sijasema neno akaanza kunigombeza. "Mama! Toka asubuhi na kanzu ya ndani, watu wananiuliza mamako amepatwa na nini, na chai imepoa mara mbili!" Wewe! Nilimvamia. Nilimbusu kichwa, mikono, shingo, nikamnusa, mtu mzima na ndevu zake mbili za kidevuni ambazo hataki nizitaje. Akaniambia nina wazimu. Akaniambia Mama mara kumi na moja, nimezihesabu. Mkeka wa wageni uko juu ya kabati, umekunjwa. Sijawahi kufurahi hivi, na naandika hivyo bila kupamba.

Kisha nikataka kumsomea habari za leo kwenye kitabu hiki cha vikao, ajue mama yake amepata nini. Nilisoma mwanzo tukacheka, habari za Kibibi tukacheka sana. Nilipofika katikati nikaanza kusoma taratibu. Nikarudia mistari. Akakichukua kitabu mikononi mwangu akasoma mwenyewe, midomo ikicheza, mpaka pale palipokatika neno.

"Mama," akasema, "huyu Mwanamize ni nani?"

"Sijui."

"Umeandika ni mama yako."

"Nimeona."

"Mimi sijawahi kusikia kama ulikuwa na mama." Alifikiri. Hata mimi nilifikiri. Kila mtu ana mama. Sijui kwa nini sikuwahi kujiuliza wangu yuko wapi. Nilitafuta kichwani, mahali ambapo jambo kama hilo lingekaa, nikapata kululu. Nilipanua pua nikitafuta karafuu. Nilisikia harufu ya chai.

Nikahisi uso wangu umelowa. Saumu akaacha kitabu, akanifuta kwa ncha ya kanga yake, ana wasiwasi, ananitazama kama mtoto anavyomtazama mama.

"Unalia nini sasa?"

"Sijui, mwanangu. Hakuna kinachoniuma."

Alikichukua kitabu tena, akauweka mwanga vizuri, akaisoma kwa sauti ile sehemu ya maji ya moto na mgongo, na ile ya kidole, na ile ya kuulizwa kama nimekula. Mwandiko ni wangu, hauna shaka, na umekwenda mbio, na mahali pengine kalamu imetoboa karatasi.

"Ulimpenda huyu mtu?" akaniuliza.

Nilitazama pale palipotobolewa, nikapapasa kwa kidole.

"Inaonekana nilimpenda sana," nikamwambia.